Tumekosa maswali idadi moja, mbona mwenzangu kanipita alama 80?

SWALI: Asalaam alaykum mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha sita, nachukua PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), niko Wete, Pemba. Mjomba wangu aliyeko Muscat ananihimiza nifanye SAT, ule mtihani wa Kimarekani wa kuombea vyuo vikuu, ili niombe vyuo vya Marekani au Uturuki. Juzi mimi na rafiki yangu tulifanya jaribio la Bluebook, programu ya kufanyia SAT, kwa laptop ya kaka yake. Hisabati tumepata sawa, 620. Sehemu ya Kiingereza kila mmoja amekosa maswali 14 kati ya 54, lakini yeye kapewa 610 na mimi 530. Programu imekosea au kuna jambo sikulifahamu? Na kwa hiyo 1150 yangu, niendelee, au niache nishughulikie mtihani wa Baraza la Mitihani wa kidato cha sita? Nakuambatishia ripoti zetu zote mbili.

JIBU: Waalaykum salaam, na marahaba mwanangu.

Programu haikukosea. Katika mtihani wa Baraza kila swali lina alama zake, msahihishaji anajumlisha, jumla inageuzwa kuwa A, B au C, na wawili wenye jumla moja wanatoka na daraja moja. SAT haihesabu hivyo, khasa tangu ilipohamia kwenye kompyuta, nje ya Marekani mwaka 2023 na Marekani kwenyewe mwaka 2024. Ile 530 si idadi ya maswali uliyopata iliyozidishwa kwa kitu fulani. Ni makadirio ya kiwango chako, nayo yanategemea umepata maswali gani, umekosa yapi, na uliwekewa maswali ya ugumu gani.

Sehemu ni mbili. Kusoma na Kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, na Hisabati ina maswali 44 kwa dakika 70, na katikati mnapumzika dakika 10. Kila sehemu imekatwa moduli mbili zinazolingana kwa muda na kwa idadi ya maswali. Katika moduli ya kwanza kila mtu anapata mchanganyiko wa mepesi, ya wastani na magumu. Ukishaimaliza, programu inatazama ulivyofanya, halafu inakuchagulia moduli ya pili: ama yenye maswali magumu zaidi, ama yenye mepesi zaidi. Wala haikwambii imekupa ipi. Unaona maswali tu yanakuja.

Mchukulie ustadhi anayepokea mwanafunzi mgeni katika chuo cha Kurani. Anamsomesha kidogo juzuu ya Amma. Akiona ulimi unakwenda, anamrukisha kwenye Al-Baqara. Akiona anakwama, anabaki naye kwenye sura fupi. Mwisho wa siku mmoja kateleza mara tatu katika Al-Baqara, mwingine kateleza mara tatu katika sura fupi. Ustadhi hawaweki darasa moja.

Sasa fungua ripoti zenu. Makosa yako 14 yamegawika hivi: 11 moduli ya kwanza, 3 moduli ya pili. Ya mwenzako: 5 moduli ya kwanza, 9 moduli ya pili. Yeye alipandishwa, akakutana na maswali mazito, akakosa mengi huko. Wewe ulibakishwa kwenye mepesi ukayapata takriban yote, na hilo halikuweza kukunyanyua sana kwa sababu aliyeteremshwa ana paa juu ya kichwa chake. Hata angepata maswali yote 27 ya moduli ya pili nyepesi, hawezi kufika 800, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa ya sehemu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Katika mtihani wenyewe, kila moduli ina maswali mawili yasiyohesabiwa. College Board, ambao ndio wenye mtihani, wanayaweka kuyajaribu kwa ajili ya mitihani ijayo. Huwezi kuyatambua, na usijisumbue kuyatafuta, lakini ndiyo sababu nyingine kwa nini kuhesabu makosa kwa vidole hakukupeleki popote.

Kwa hiyo kazi yako haiko kwenye maswali 54. Iko kwenye yale 27 ya mwanzo. Nimeyapitia hayo makosa yako 11 moja moja. Matatu ni ya sarufi, mawili ni ya maana ya neno ndani ya sentensi, na sita yote ni ya aina moja: yale yanayokupa kifungu kifupi chenye dai la mtafiti, kisha yanauliza ni tokeo gani lingelitia nguvu dai hilo au kulidhoofisha, au kifungu kimalizike vipi. Hapo ndipo ulipovuja, na siyo wewe peke yako. Nimesomesha miaka mingi, na watoto wetu wenye akili hasa ndio wanaoanguka hapo.

Nikutungie mfano wa huku kwetu uone. Kifungu kinasema: mtafiti mmoja anadai kwamba popo wa Pemba huusaidia msitu kwa kubeba mbegu za matunda na kuzidondosha mbali na mti wa asili. Ni tokeo gani, kama ni kweli, lingelitia nguvu dai lake moja kwa moja?

A. Popo wa Pemba hula maembe na matunda mengine yanayopandwa na wakulima.
B. Wanakijiji wa Kidike wamekuwa wakiwalinda popo wanaolala kwenye miti yao.
C. Chini ya miti wanakolala popo hukutwa mbegu za miti ambayo haioti karibu na hapo.
D. Idadi ya popo wa Pemba imeongezeka sana baada ya uwindaji kupungua.

Mtoto wa Pemba anaijua B kuwa ni kweli, keshafika Kidike au kasimuliwa. Anaijua D, kaisikia skuli. Basi mkono unakimbilia huko. Jibu ni C, kwa kuwa ndiyo pekee inayoonyesha mbegu imesafiri. A inatuambia popo anakula nini, haisemi mbegu inakwenda wapi. B na D ni habari njema za popo, lakini dai halihusu popo kulindwa wala kuongezeka.

Skuli zetu zinakufunza kujibu lililo kweli. Umekariri, umeulizwa, umelitoa. SAT haijali unajua nini kuhusu popo. Inauliza kama unaweza kulishika dai moja mkononi, usiliachie, huku ukipitishiwa mambo manne yanayofanana nalo. Na kwa kuwa una sekunde 70 hivi kwa kila swali, na lugha ni Kiingereza, akili inatafuta njia ya mkato na kuchagua kile inachokijua. Dawa yake nimeiona ikifanya kazi: kabla hujatazama A mpaka D, liseme dai kwa maneno yako mwenyewe, hata kwa Kiswahili kimoyomoyo. "Popo anabeba mbegu mbali." Halafu kila jibu liulize: linaonyesha mbegu imekwenda mbali? Lisiloonyesha, lifute. Bluebook ina kitufe cha kukata jibu usilolitaka, kitumie, kinaokoa macho.

Mpangilio wa maswali nao unaweza kukufaa. Katika moduli ya Kusoma na Kuandika maswali hayakuchanganywa ovyo. Yanaanza ya maneno na muundo wa kifungu, yanafuata ya dai na ushahidi, kisha sarufi, mwisho ya kuunganisha sentensi na kupanga hoja. Wewe sarufi unaiweza, makosa matatu tu. Basi unaweza kufanya ya maneno, ukaruka moja kwa moja kwenye sarufi, ukayachuma hayo kwa haraka, ndipo ukarudi kwenye yale ya dai na ushahidi na dakika zilizobaki. Ndani ya moduli unaruhusiwa kwenda mbele na nyuma utakavyo, na kuweka alama kwenye swali ulilolikimbia. Ukishatoka moduli ya kwanza lakini, mlango umefungwa, hurudi tena.

Usiache swali hata moja wazi. Zamani walikuwa wakikukata robo ya alama ukikosea, na mpaka leo nawasikia wakubwa wanaowashauri vijana waache wasichokijua. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 2016. Muda ukikaribia kwisha, bonyeza chochote.

Hisabati sina mengi ya kukwambia. Anayesoma PCM hana jipya la kujifunza pale: hamna kalkulasi, sehemu kubwa ni aljebra, milinganyo ya mstari na ya kipeo cha pili, asilimia na uwiano, takwimu, jiometria na trigonometria kidogo. 620 kwa mtu anayefanya hesabu za kidato cha sita inaniambia kwamba tatizo lako ni kusoma swali, au unafanya kwa mkono kile ambacho mashine ingekifanya. Ndani ya Bluebook mna kikokotoo cha Desmos kinachochora grafu, na kinaruhusiwa kwa sehemu yote ya hisabati. Mfano: mstari y = 2x + k unaigusa grafu ya y = x² − 4x + 7 mahali pamoja tu, tafuta k. Wewe utaandika x² − 6x + 7 − k = 0, utaweka b² − 4ac sawa na sifuri, utapata k = −2. Sawasawa kabisa, dakika mbili. Aliyeizoea Desmos anaandika milinganyo yote miwili kama ilivyo, anasogeza k mpaka mstari uguse, basi. Jifunze njia zote mbili: ya mkono kwa ajili ya Baraza, ya Desmos kwa ajili ya Jumamosi ya SAT. Robo hivi ya maswali ya hisabati hayana A, B, C, D. Unaandika jibu mwenyewe, kwa hiyo huko kubahatisha hakukusaidii sana.

Tuje kwenye hiyo 1150. Kipimo kinaanzia 400 mpaka 1600. Wahitimu wa Marekani wa mwaka 2024 waliofanya mtihani huu walipata wastani wa 1024, kwa hiyo uko juu ya wastani wao, nawe ndio kwanza umeuona. Tena kila alama ya SAT ina mtikisiko: ukirudia kesho bila kusoma chochote unaweza kuja na 40 hivi juu au chini, kwa hiyo 1150 na 1170 ni kitu kimoja, usikose usingizi kwa hilo. Lakini nikwambie kweli, maana mjomba anaweza asikwambie. Vyuo vya Marekani vinavyompokea mgeni bila kutazama mfuko wake na kisha kumlipia kadiri ya mahitaji yake ni vichache, miongoni mwao Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Dartmouth. Wanaopokelewa huko wakiwa na alama za SAT, wengi wako juu ya 1500. Nje ya vichache hivyo kuna vyuo vingi vizuri vyenye msaada kwa wageni, lakini huko uwezo wa kulipa unaweza kuingia katika uamuzi.

Sivyo vyote vinavyoitaka SAT. Wakati wa korona, mwaka 2020, vituo vilifungwa na vyuo vingi vikaifanya kuwa hiari. MIT ilirudisha sharti mwaka 2022, na mwaka 2024 Harvard, Dartmouth na Brown wakatangaza kurudisha nao. Mfumo wa University of California wenyewe hautazami alama za SAT hata ukizipeleka. Kwa hiyo soma masharti ya chuo kimoja kimoja kabla hujalipa. Na kwa mtoto anayetoka kwenye mfumo ambao ofisi ya chuo huko haiujui vizuri, maoni yangu ni kwamba alama nzuri ya SAT inakusaidia hata pale ilipo hiari. Alama ya kawaida mahali pa hiari, bora isipelekwe.

Uturuki ni habari nyingine, na nadhani mjomba kakuelekeza vyema hapo. Vyuo vingi vya huko hupokea SAT kutoka kwa waombaji wa kigeni, na kwa fani za uhandisi vingine huweka kima cha chini cha hisabati peke yake. Mtu wa PCM akiitoa 620 ikawa 720, huko milango inafunguka mapema kuliko Marekani.

Niendelee au niache? Endelea, ila si sasa. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, na SAT ya Mei inaangukia palepale. Usiiguse. Matokeo ya Baraza ndiyo yatakayokupeleka Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. SAT huko haina kazi, wanataka principal pass zako mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa daraja A mpaka E, na pointi zisizopungua nne. Na hata chuo cha Marekani kitataka kuyaona matokeo hayohayo ya Baraza, kwa hiyo kuyaharibu kwa ajili ya SAT ni kujikata mara mbili. Maliza mtihani, pumzika wiki, kisha Juni na Julai ndiyo iwe miezi yako ya SAT. Fanya Agosti, na ikibidi rudia baada ya hapo, kwa kuwa vyuo vingi huchukua alama yako ya juu ya kila sehemu hata kama umezipata siku tofauti. Maombi ya mapema ya Marekani hufungwa aghalabu tarehe 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari, na masomo yanaanza Agosti au Septemba inayofuata. Maana yake ni mwaka mzima wa kusubiri. Wazazi waambie hilo mapema, na maombi ya vyuo vya hapa na ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar yapeleke wakati wake vilevile, usije ukabaki huna hili wala lile.

Twisheni ya kulipia sikushauri kwanza. Majaribio kamili yamo bure ndani ya Bluebook, na Khan Academy, tovuti ya masomo, wana mazoezi ya bure waliyoyatengeneza pamoja na wenye mtihani. Majaribio kamili hayako mengi, usiyale yote kwa wiki moja. Fanya moja, kisha siku kadhaa kaa na makosa yako ya moduli ya kwanza, uandike kwa kila moja kwa nini ulivutwa na jibu lisilo lako. Halafu ndipo ufanye jingine. Na kila siku soma Kiingereza cha nusu saa kisicho cha kitabu cha skuli: habari za sayansi, hadithi ya zamani, hata shairi, kwa sababu vifungu vya mtihani vinatoka huko kote.

Fedha ziwe tayari. Kwa anayefanyia nje ya Marekani ada inapita dola 100, na msamaha wa ada wanapewa wanaosoma Marekani na raia wake tu. Kituo unakichagua wakati wa kujisajili, na nafasi hujaa, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho. Kikiwa Dar, kumbuka mtihani ni Jumamosi na mlango unafungwa saa 2 asubuhi. Boti ya asubuhi ya kutoka bandari ya Malindi, Unguja, haikufikishi. Wewe uko Wete, na Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, mkondo wa Nungwi unajulikana kwa mawimbi. Vuka Unguja Jumatano au Alhamisi, uwe Dar mapema Ijumaa, na ulale kwa jamaa aliye karibu na kituo. Laptop iwe na Bluebook tayari, matayarisho ya mtihani uyafanye siku chache kabla, betri iwe ya kukaa saa tatu. Simu haikubaliki. Intaneti ikikatika katikati usiogope wala usifunge programu, majibu yako yanahifadhiwa kwenye mashine. Intaneti unaihitaji wakati wa kuanza, na mwisho wakati wa kutuma majibu.

Pasipoti ianze kushughulikiwa sasa hivi, Uhamiaji Pemba, maana itakufaa mlangoni na utaihitaji tena kwa viza. Ukijisajili, jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na cheti cha kidato cha nne mara nyingine kimeandikwa Khamis na pasipoti Hamis. Ukiona zimetofautiana, rekebisha kabla hujalipa ada. Mlangoni msimamizi hatazami cheti, anatazama pasipoti na jina lililo kwenye orodha yake, na yasipolingana anaweza kukurudisha.